Nyoka Aliyerudishwa Dukani Mara Mbili

Tangu kampuni ilipochukua funguo za basi, Shigeno Urabe hakujua mikono yake aiweke wapi. Miaka ishirini na sita ilikuwa juu ya usukani, kutoka stesheni ya Tottori, Japani, hadi pwani na kurudi, na sasa ilibaki kukunja taulo zilizokwisha kukunjwa. Mwezi wa pili wa mwaka ule alishikwa na kizunguzungu akiwa kazini. Aliliegesha basi, akavuta breki ya mkono, akawateremsha abiria mmoja mmoja huku akiwaomba radhi, kisha akaketi kwenye ngazi ya mlango mpaka wenzake walipofika. Hakuna aliyeumia. Daktari akasema tatizo ni sikio la ndani, apumzike miezi mitatu. Kupumzika! Hilo ni neno ambalo Shigeno alizoea kuwaambia watu wengine.

Kufikia wiki ya tatu alikuwa amesafisha madirisha mara nne na kupiga pasi mpaka soksi. Mdogo wake Kuniaki, mpeleka barua wa posta, alikuja Jumapili kula naye kama kawaida yake. Akamwona anakaa, anainuka, anakaa tena, supu inapoa.

"Dada, utanitia kizunguzungu na mimi. Fuga kitu basi. Fuga samaki. Samaki hana maneno."

Kesho yake akaenda dukani kununua samaki, ila hakuwafikia. Karibu na mlango palikuwa na kasha la kioo, na ndani yake mtoto wa nyoka, mwembamba kama penseli, wa kijivu mwenye mabaka ya kahawia. Shigeno alipopita tu, nyoka alijikunja, akajirusha. Pu! Pua ikagonga kioo. Shigeno akarudi nyuma, akapita tena. Pu!

"Huyo ni aodaisho, nyoka wa huku huku kwetu, hana sumu," alisema Hamaji, binti aliyeuza pale. "Ila ni mkorofi. Watu wawili wamemnunua, na wote wamemrudisha."

"Kisa?"

"Anauma. Wanasema hatulii."

Shigeno akamtazama yule nyoka aliyekuwa akitetemesha mkia kama aliyeshikwa na homa.

"Nifungie huyo huyo," akasema.

Hamaji alimwelekeza kila kitu, na la mwisho akalirudia mara mbili: wiki nzima asimguse. Shigeno alivumilia siku mbili. Siku ya tatu asubuhi alifungua kifuniko akatumbukiza mkono kutoka juu, na kabla hajajua kilichotokea, kidole kilikuwa na vitone vya damu kama aliyechomwa na pini. Akauvuta mkono haraka. Mchana akajaribu tena, akaumwa, akauvuta. Jioni vilevile. Kuniaki alipoona plasta kwenye vidole alicheka hadi akakohoa, akampa nyoka jina la Abiria, kwa kuwa, alisema, abiria wa namna hiyo dada yake amewabeba wengi.

Siku ya tano Abiria alikula kitoto cha panya, na Shigeno alifurahi kama aliyepewa zawadi. Kwa furaha hiyohiyo akamtoa kesho yake, akamshika nusu saa nzima, nyoka akijinyonganyonga. Alipomrudisha, Abiria alifungua kinywa akakitapika kile chakula chote. Akalala kando ya matapishi, bapa, hana nguvu hata ya kufoka.

Shigeno alipiga simu dukani, akaeleza.

"Urabe-san, samahani nikuulize," alisema Hamaji. "Ulimshika lini?"

"Leo."

"Leo tu?"

"Na siku ya kabla ya juzi. Siku hiyo nilijaribu mara tatu."

"Hana hasira huyo, ana hofu. Mkono unaotoka juu, kwake ni mwewe. Na kila akiuma, wewe unaondoka, sivyo? Basi umemfundisha kwamba kuuma kunasaidia."

"Sasa nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Siku kumi."

"Siku kumi?"

"Siku kumi, Urabe-san. Tafadhali."

Alikata simu akaenda kuosha bafu ambalo lilikuwa safi. Kilichomchoma ni kwamba binti mdogo kiasi kile alikuwa amesema kweli. Alivua fulana aliyokuwa amevaa, akaiweka pembeni mwa kasha ili nyoka azoee harufu yake, kisha kila asubuhi akawa anaketi mbele ya kioo na chai yake. Dakika tano za kwanza zilikuwa adhabu. Siku ya nane Abiria alitokeza kichwa chini ya gome la mti alilowekewa ndani ya kasha, akatoa ulimi, akauingiza, na hakujirusha.

Baada ya siku ya kumi, na kitoto kingine cha panya kilichokaa tumboni salama siku tatu, alianza upya. Mkono ukaingia kwa pembeni, chini chini, ukamwinua nyoka katikati ya mwili bila kumbana. Dakika tano kwa saa ya jikoni. Akiuma, mkono ubaki palepale. Kubaki palepale kulimtoa jasho. Hata hivyo Abiria aliendelea kushtuka na kuuma, na Shigeno hakuelewa anakosea wapi, mpaka Jumapili moja Kuniaki alipochungulia chini ya meza.

"Dada, ni mguu wako. Unakanyaga breki!"

Kweli. Goti lilikuwa likicheza bila yeye kujua, na mtikisiko ulipanda hadi kwenye viganja. Kuanzia hapo, kila alipomshika nyoka, aliupitia moyoni mstari wa basi lake, kituo kwa kituo, na hakuruhusu goti licheze kabla ya kufika kituo kilichofuata.

Mwezi wa nne, siku moja yenye jua, alikuwa ameketi barazani na Abiria mikononi, jirani yake, mzee Okimura, alipopinda kona akileta matangazo ya mtaa. Mzee alipoona yale mabaka ya kahawia alidondosha karatasi, akanyakua ufagio wa mianzi ukutani.

"Mamushi! Urabe-san, usisogee! Ana sumu huyo!"

Ufagio ulipaa juu. Abiria alijikunja, mkia ukalia kwenye kiganja, akauma kidole gumba, akauma tena, mara ya tatu akang'ang'ania. Mwili mzima wa Shigeno ulitaka kuruka. Badala yake aliinama, akamfunika nyoka kwa mkono wa pili.

"Okimura-san, shusha ufagio. Huyu ni aodaisho. Wakiwa wadogo wanafanana na mamushi, basi."

"Una hakika?"

"Ameniuma kama mara thelathini. Ningekuwa nimeshazikwa."

Mzee aliushusha ufagio polepole. "Mama yangu aliumwa na mamushi shambani," alisema. "Mguu ulivimba hivi." Akaonyesha kwa mikono miwili, akaketi bila kukaribishwa.

Baada ya muda Abiria aliachia kidole, akatoa ulimi, akapeleleza, kisha akateleza taratibu ndani ya mkono wa sweta ya Shigeno na kujikunja karibu na kiwiko. Shigeno alimsikia pale, baridi, hatikisiki. Hakuthubutu hata kujifuta damu.

Mwezi wa tano daktari alisema asiendeshe basi la abiria kwanza, labda mwakani. Shigeno aligomba, akafunga mlango wa zahanati kwa kishindo, akarudi kuomba radhi. Kampuni ikampa kiti katika chumba cha kupangia zamu. Siku ya kwanza alirudi nyumbani akinuka dizeli ya gereji, akafungua kasha bila hata kuvua koti, na Abiria akamuuma.

Kuniaki, aliyekuwa akimenya figili jikoni, alichungulia. "Ndiyo mapenzi hayo?"

"Hanipendi," alisema Shigeno. "Siku zikiwa nzuri ananizoea tu. Inatosha."

Akaenda kunawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akavuta kiti, akaanza tena kwa pembeni.