Rulo Zilizolala

Fundi aliyenifundisha kuchapa alikuwa na amri moja: rulo hazilali. Kila jioni zile rulo tatu zinazopaka herufi wino hutolewa kwenye mashine, husafishwa na kutundikwa ukutani. Zikiachwa zimelalia sahani ya wino siku nyingi, zinabonyea upande mmoja.

Nilikuwa na chumba cha uchapaji Butembo, na mashine moja ya kukanyaga kwa mguu. Vita vilipofika mjini, nilikimbilia Masereka na familia yangu. Nilibeba godoro, redio na sufuria mbili. Rulo niliziacha ndani ya mashine, zimelalia sahani ya wino.

Tuliporudi baada ya majuma kadhaa, alikuja mama mmoja mjane. Bwana wake, mfanyabiashara, alikuwa ameuawa njiani, akipita Kanyabayonga, na mwili haukuletwa. Misa ya matanga ilikuwa Jumapili. Alitaka karatasi ngumu zenye msalaba na jina la marehemu kwa herufi kubwa. Kwa kuwa kaburi halikuwepo, alisema, kila nyumba ya ukoo ibaki walau na jina lake.

Herufi zilipangwa na mwenzangu, mzee Mwislamu wa Beni aliyenizidi umri lakini akiniita shefu, yaani mkuu, kwa utani. Wino mpya haukupatikana kwa sababu njia zilifungwa, kwa hiyo alikuwa amelainisha ule wa zamani kwa mafuta ya taa. Karatasi ya kwanza ilitoka na mstari mweupe juu ya msalaba. Nikamlaumu kwa wino. Akaufuta wote, akachanganya mwingine mzito zaidi. Weupe ukabaki. Nikadhani mgandamizo ni hafifu, nikabandika vipande vya karatasi laini nyuma, palepale penye weupe. Kwenye karatasi iliyofuata, weupe ulikuwa umeshuka chini.

Mzee akazilinganisha karatasi hizo.

"Shefu, wino ikiwa mubaya, inakuwa mubaya fasi yote, juu na chini. Hii kitu inatembea. Angalia rulo."

Nilimjibu kwamba aliyeharibu wino asinifundishe mashine. Alinawa, akaenda kusali, nami nikaendelea kujaribu hili na lile hadi karatasi ngumu zikakaribia kwisha. Rulo sikuziangalia. Nadhani nilijua nitakachokiona.

Jumamosi mama yule alifika. Akachukua karatasi moja mezani. Weupe ulikuwa umepita katikati ya jina la bwana wake.

"Papa," akaniambia polepole, "hata mu karatasi anaanza kupotea?"

Nikamwonyesha mzee kwa kidole. "Ni wino, Mama. Huyu ndiye aliyeuharibu."

Mzee alichomoa rulo moja, akaiviringisha juu ya meza mbele yangu. Kila ilipomaliza mzunguko iligonga, tak, kama gurudumu lililobonyea. Mama hakuelewa. Mimi nilielewa. Mzee akairudisha, akaniambia kwa sauti ya chini nipitishe rulo mara mbili juu ya herufi kabla ya kugandamiza karatasi, ili mara ya pili zijaze palipoachwa. Nikafanya hivyo. Jina likatoka jeusi lote.

Lakini zilibaki karatasi kumi na moja tu. Ukoo wake ulikuwa na nyumba nyingi kuliko hizo. Mama akazifunga ndani ya kitenge bila kulalamika, kisha akamgeukia mzee.

"Muzee, usijilaumu. Wino ya vita haiko kosa yako."

"Aksanti, Mama," akajibu. Hakunitazama. Alikuwa amenipa nafasi ya kusema ukweli, na mimi nikaanza kufuta meza.

Mwezi uliofuata mzee alirudi Beni kwa ndugu zake. Alifia huko kabla vita havijaisha, na habari ilinifikia akiwa amekwisha kuzikwa.

Miaka mingi baadaye nilimkuta yule mama sokoni akiuza maharagwe. Nikajitambulisha, nikamwambia yote: rulo nilizoziacha, karatasi nilizoharibu, mzee niliyemsingizia. Alisikiliza huku akipima kikombe cha mteja. Alisema karatasi moja bado iko kwake ukutani. Halafu akaniuliza:

"Na ule muzee, yeye ulimuambia?"

Nikamwambia hapana.