Mashini Inayomwita Paka Kula

Tangu niolewe, mimi ndiye ninayeita watu kula. Bugali ikiiva, nasimama mlangoni pa jikoni: "Papa, chakula tayari!" Muzee, mume wangu, anakuja, mimi nafuata mwisho, sufuria mkononi. Hivyo ndivyo alivyofanya mama yangu kule Butembo, nami sikuwahi kujiuliza kama kuna mtu wa kuniita mimi. Watoto wetu wamekwisha kuoa na kuolewa, tumebaki wawili na paka. Sikujiuliza chochote mpaka ilipoingia ile mashini.

Paka mwenyewe ni mlafi, hana mfano. Nikianika sambaza, vile visamaki vya ziwani, uani, lazima nikae na fimbo. Sombe ya majani ya muhogo anakula, maharagi anakula, siku moja nilimkuta anapambana na ganda la ndizi. Alfajiri anapanda kifuani pa mume wangu na kumlilia usoni. Mume wangu huyo, anayegombeza kila mtu anayemwamsha, kwa paka anacheka tu. Wivu wangu ulianzia hapo, sifichi.

Mume wangu ni mfanyabiashara, anapita mpaka wa Bunagana kufuata mali Uganda, na akisafiri anakawia. Safari moja akarudi na katoni. Nikajua ni yangu, nikanawa hata mikono kabla ya kuifungua. Kumbe ni mashini ya kulisha paka! Pipa dogo la plastiki lenye saa ndani. Unalijaza chakula kikavu, saa ikifika linamwaga kidogo kwenye bakuli, ili mlafi asimalize vyote kwa mara moja. Lina na mahali pa kurekodi sauti, mnyama asikie akiitwa.

"Ni kwa ajili yako," mume wangu akaniambia. "Usichoshwe na kelele yake nikiwa mbali."

Kwa ajili yangu! Akainama, akabonyeza, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake: "Kuya, mupenzi wangu. Kuya ukule, kamama kangu kazuri." Kesho yake akasafiri tena.

Sasa fikirieni. Asubuhi nafagia, sauti ya mume wangu inatoka pembeni: kuya, mupenzi wangu. Jioni nasonga bugali, makala yanawaka chini ya sufuria, moshi machoni: kamama kangu kazuri. Paka anapita mbio katikati ya miguu yangu, mkia juu. Mimi mwanaume huyu ananiita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, mama fulani, basi. Hata kwenye simu swali lake ni moja: "Paka amekula?" Ee, amekula. Mimi kama nimekula, hakuuliza.

Nilimweleza jirani yangu, mama mmoja wa upande wa Bukavu, nikitegemea atanihurumia. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama yangu! Uko na mbanda, mukewenza wa mandevu!" Kisha akanishauri nivumilie, eti mvumilivu hula mbivu. Nikamwambia zangu zimekwisha kuoza.

Paka akishiba alikuja kunilalia mapajani kama zamani. Nikamsukuma. "Nenda kwa bwana yako."

Mume wangu aliporudi, ilikuwa Jumapili. Baada ya misa nilipika vizuri, bugali, sombe, sambaza. Nikaweka mezani, nikafunika, nikarudi jikoni nikakaa. Sikuita mtu.

Sebuleni muzee akakohoa. Akaongeza sauti ya redio, akapunguza. Mwishowe akaja mlangoni.

"Leo hatukuli?"

"Chakula kiko mezani."

"Mbona haukuniita?"

Hapo yakanitoka yote. "Na mimi nani ananiita, Papa? Paka ana mashini! Unamwita asubuhi, unamwita jioni, mupenzi, kamama, na hauko hata nyumbani! Mimi miaka yote hii nakula bugali imepoa, hakuna aliyesema mama huyu naye ana tumbo. Naona wivu, ndiyo! Namuonea paka wivu!"

Alinitazama kama mtoto aliyeulizwa katekisimu akakuta amesahau. "Mutu muzima," akasema, "ataitwa vile namna gani?" Akarudi zake. Nikasikia kiti kikivutwa. Nikadhani ameanza kula, nikaapa moyoni sitawasha tena makala mpaka asafiri.

Kisha ikaja sauti yake, ya chini, ya mtu anayeogopa majirani: "Kamama kangu. Kuya tukule."

Sijui hata nilisimamaje. Nilikwenda nikijipangusa mikono kwenye kitenge, moyo unanidunda kama mchumba. Nilipofika mezani, paka alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti changu, anamtazama muzee usoni.

Nilimkamata shingoni, nikamweka chini. "Wewe ngoja mashini yako," nikamwambia. "Hapa nimeitwa mimi."