Bodi ya Sataranji ya Mjomba Hemedi

Enzi zetu, kujifunza sataranji kulinigharimu madebe kumi na manne ya maji. Nimehesabu mara mbili. Mjomba Hemedi, kaka yake mama, aliuza mitumba Temeke, na siku moja alipofungua belo alikuta, katikati ya makoti ya baridi yasiyo na kazi Dar, bodi ya sataranji na kete zake. Mchezo aliujua tangu alipokuwa kibarua bandarini. Askari wawili walipungua, tukaweka vizibo vya soda. Somo moja, debe moja kwenye pipa lake. Nilijaribu kupatana naye iwe nusu debe. Akasema sawa, atanifundisha nusu ya bodi.

Mwanaidi, binti wa jirani, hakubeba hata kata moja. Yeye alikuja kuleta vitumbua vya mama yake, akasimama kutazama, akaambiwa kaa.

Sie wavulana tulikulia kwenye drafti, na kwenye drafti kula ni lazima. Nikaingia kwenye sataranji na njaa ileile. Mwanaidi, ambaye hakuna aliyewahi kumkaribisha kwenye benchi la drafti, hakuwa na ugonjwa huo. Ananisogezea askari, mie namla kwa malkia, farasi wake anakuja kumbeba malkia wangu. Mjomba anacheka mpaka kahawa inamwagika.

"Mpwa wangu, ukikuta chakula, kwanza uliza nani kakipika."

Akatangaza kuwa atakayemfunga mwenzake mara tano atachukua bodi. Mwanaidi akafika nne. Mie nilikuwa na moja, na siku hiyo yeye alikuwa na homa.

Wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Jioni nikaenda kwa mama yake, nikatoa shikamoo ya adabu kabisa, nikamwambia Mwanaidi anacheza kamari barazani kwa Mjomba. Kesho yake vitumbua vililetwa na mdogo wake wa kike. Mwanaidi tulimsikia tu nyuma ya ua, akitwanga. Mjomba alisubiri wiki mbili, kisha akanipa bodi bila kunitazama.

"Chukua. Umebaki peke yako."

Vijana wa leo wanacheza kwenye simu na watu wasiowajua. Wakikaribia kufungwa, eti bando limeisha. Sie ukifungwa ulibaki umekaa mbele ya aliyekufunga, unatazama vidole vyake vikipanga kete upya. Nawaonea wivu hao vijana. Wanafungwa na mtu ambaye hawamjui mama yake.

Mwezi uliopita nilikutana na Mwanaidi sokoni Mabibo. Anaishi Boko, na binti yake anapenda sataranji. Akauliza kama ile bodi bado ipo. Nikasema ilipotea tulipohama. Ipo juu ya kabati langu. Akaniambia pia, akichagua nyanya, kwamba hajawahi kumsamehe mdogo wake kwa kumchongea kwa mama.

Nyie wa rika langu, nishaurini: nimpelekee bodi na ninyamaze, au nianze kwa kumwomba radhi mdogo wake?