Tanga Linaloingia Mlingotini

Tarehe 14 Machi 2023, Othmar Kinunda, nahodha wa Kihagara, kijiji cha pwani ya Ziwa Nyasa, aliteleza kwenye sitaha iliyolowa mvua, akaangukia bega la kulia. Tangu hapo mkono huo haupandi kupita kidevu.

Boti ya tanga anayoiendesha si yake. Ni ya Frederick, Mzungu mstaafu aliyerudi kwao na kumwachia aitunze na kuzungusha wageni ziwani, wakilala humo humo hadi Mbamba Bay na kurudi. Wafanyakazi ni wawili tu, Othmar na mkewe Emiliana. Othmar ndiye aliyekuwa akipandisha tanga kuu kwa mikono pale chini ya mlingoti, mkewe akishika usukani. Bega lilipoharibika, kazi ya mlingotini ikakosa mtu.

Frederick akaahidi kuwanunulia mtambo wa kukunja tanga, akawatumia video za aina tatu ili wachague. Waliziangalia jioni baada ya jioni uani, pamoja na Erasmo, kaka yake Emiliana, ambaye huvua dagaa na hana imani na chombo chochote chenye choo ndani.

Aina ya kwanza, tanga huviringika ndani ya mlingoti wenyewe. Unavuta kamba umekaa nyuma, hunyanyuki.

"Hiyo ndiyo yako, shemeji," alisema Erasmo. "Unakunja tanga huku unakula ugali."

"Likikwama?" aliuliza Othmar. "Nusu iko ndani, nusu iko nje. Halipandi, halishuki."

Aina ya pili, tanga hujiviringa ndani ya mti wa chini, ule uliolala. Likikwama unaweza kulishusha, ila mti huo lazima ukae sawasawa kabisa wakati wa kukunja, na ziwa likichafuka nani atauambia ukae? Aina ya tatu haikuwa na maajabu: kamba za pembeni za kulidaka tanga linaposhuka, na kamba nyingine za kulipunguza, zote zikirudishwa nyuma kwenye winchi ya kuzungusha kwa mkono karibu na usukani. Winchi hiyo hata Emiliana angeizungusha.

"Ya tatu," alisema Emiliana.

"Ya tatu," alikubali Othmar.

Jumapili baada ya misa Frederick alipiga simu. Walisalimiana kirefu, wakaulizana habari za watoto na za mvua. Kisha Frederick akauliza, "Othmar, umechagua ipi?"

"Aa, Mzee Frederick," alisema Othmar, "utakayotuletea ndiyo tutakayoipokea. Tunashukuru sana."

"Vizuri," alisema Frederick, na baada ya kuagana akakata.

Emiliana alibaki amemtazama. "Baba Vitalia, mbona hukusema?"

"Ataniuliza tena."

Hakuwa anajitetea. Kihagara, mgeni akikaribishwa chakula husema ameshiba. Mwenyeji humkaribisha tena, na hapo ndipo mgeni hunawa mikono. Anayepewa zawadi hataji anachotaka kwa swali la kwanza, ataonekana mwenye tamaa. Othmar alikuwa amelitayarisha jibu la swali la pili, pamoja na sababu zake. Alilisubiri wiki nzima, simu ikiwa mfukoni hata shambani.

Ikaja picha badala ya swali: mlingoti mpya, mnene, wenye mfereji mgongoni. Kwa kuwa Othmar hakuwa na upendeleo, Frederick aliandika, amewachagulia iliyo rahisi kuliko zote, ile ya kwanza, na mzigo umeshaondoka. Othmar aliandika jibu, akalifuta, akaandika asante.

Mlingoti ulishuka kutoka Mbinga juu ya lori, ukasimamishwa na wanaume wa kijiji kwa kamba. Siku za utulivu ulifanya kazi kama kwenye video.

Mwezi Julai, karibu na kisiwa cha Lundo, upepo wa mwera ulianza kuvuma kwa nguvu kutoka kusini. Othmar akavuta kamba. Tanga likaingia nusu, likajikunja vibaya kwenye mfereji, likagoma.

"Vuta, Baba Vitalia!"

"Navuta!"

"Lilegeze kwanza!"

"Halilegei, mama!"

Kupanda mlingotini hakuweza, na Emiliana hakuweza kuuacha usukani. Injini ndogo haikumudu upepo ule na nusu tanga juu. Wakasukumwa kaskazini wakapita mbele ya Kihagara, wakaiona nyumba yao, wakamwona Erasmo ufukweni akipunga mikono, wakaendelea. Upepo ulipungua karibu na Lituhi, ndipo tanga likanasuka, wakageuza kurudi nyumbani.

Jioni ile Frederick alipiga. "Mtambo unafanya kazi?"

Emiliana alimkazia macho mumewe.

"Unafanya kazi, Mzee," alisema Othmar. "Tunashukuru." Akasubiri swali la pili.

"Vizuri sana," alisema Frederick.

Frederick anafika Kihagara Jumatatu ijayo na marafiki wanne. Jumatano asubuhi Othmar na Emiliana watawapeleka Mbamba Bay kwa tanga hilo hilo.