Asumini za Mwaka wa Eda

Harufu ya asumini hupanda jioni, jua likishapunguza makali, na katika mji wetu mdogo jirani na Msambweni haikuwa ikimwomba mtu ruhusa. Iliingia madirishani, ikafika jikoni, ikapambana na harufu ya samaki wa kukaanga, na mara nyingi ikashinda. Mvua za vuli zikishapita, tulikuwa na alasiri moja ya sherehe. Kila nyumba ilichuma matumba ya asumini kabla hayajafunguka, wanawake wakayatunga makoja, kisha mji mzima ukatembea hadi uwanja wa msikiti kusoma maulidi, maua yakifunguka vichwani mwetu njiani. Ukichelewa kuchuma, yanakufungukia mikononi na kuchanika kwenye uzi. Hata fundi baiskeli wetu, mtu mkavu asiyecheka na yeyote, siku hiyo alivaa ua sikioni.

Mama ndiye aliyesifika kwa kutunga, na msimu huo ukifika alinukia asumini tangu nywele hadi leso. Mimi nililala ubavuni mwake nikivuta harufu hiyo mpaka usingizi ukanichukua. Mwaka ninaousimulia, baba alikuwa amefariki na mama yumo edani: miezi minne na ushei ya kukaa ndani, bila pambo wala manukato. Alinukia sabuni ya kipande na maji. Nilikuwa mtoto, na nasema wazi kwamba kifo cha baba sikukielewa vizuri. Nilichokielewa ni kwamba mama alikuwapo lakini hanukii mama, na nilitaka arudi. Mti wetu mlangoni ulichanua mwaka huo kuliko miaka yote, nikauchukia.

Siku ya sherehe, Shangazi Mejumaa, dada yake baba aliyekuja kutuangalia, aliamua matumba yote yachumwe na jirani yetu, Bi Mwanakombo. Huyo kila mwaka alishindana na mama, wakitazamiana makoja kwa tabasamu zisizofika machoni. Nilimwona akichuma mti wetu nikataka kulia kwa hasira. Lakini alipomaliza hakwenda kwake. Aliketi chini ya dirisha la mama, akatunga pale pale, kisha akainua koja lake mama alione bila kuligusa.

"Haya, mamake Saumu, nisahihishe."

"Uzi umeuvuta mno, Mwanakombo. Yatakatika mbele za watu."

"Miaka yote hii hukuniambia!"

"Miaka yote hii tulikuwa tukishindana."

Wakacheka. Ndiyo mara ya kwanza niliyomsikia mama akicheka tangu msiba. Bi Mwanakombo akafumua, akatunga upya, akanifunga mimi koja hilo kichwani. Sikutaka kwenda bila mama, lakini aliniambia niende nikaone kila kitu, kwa sababu yeye atataka kusimuliwa.

Niliporudi, maulidi yalikuwa yamekwisha na mimi nikakimbilia chumbani. Shangazi alinizuia mlangoni. Hakuwa mkali, alikuwa akilinda eda ya mke wa kaka yake.

"Vua kwanza maua hayo, mwanangu. Usije ukamtia mamako harufu."

Nikayashika kwa mikono miwili, nikagoma. Sauti ya mama ikatoka ndani, polepole.

"Wifi, mwache akae hapo hapo kizingitini. Harufu ikija na upepo, mimi sikuivaa."

Shangazi akafikiri, akanisogezea mkeka. Nikakaa pale nikimsimulia mama sherehe yote, yeye kitandani na chumba kizima kati yetu. Nikaona amefumba macho. Nilijiambia eda ikiisha tu, atavaa, na mambo yatarudi yalivyokuwa.

Eda ikaisha. Wanawake wakamwogesha, wakamvika nguo mpya, wakamfukiza udi. Mwaka uliofuata akatunga makoja kuliko wote, akayafunga kwenye vichwa vya watoto wa watu. Chake kikabaki kitupu. Mwaka wa pili vile vile. Nikakoma kungoja, bila kujua ni lini hasa.

Siku hizi sherehe ina vipaza sauti, na wageni wa mahoteli ya Diani huja kupiga picha. Maua mengi ni ya plastiki yanayonunuliwa Ukunda, hayanyauki wala hayanukii. Miti ya asumini imebaki nyumba chache, na vijana wanapenda marashi ya chupa. Siwalaumu, mimi mwenyewe ninayo. Juzijuzi nilitoka Ukunda ninakoishi nikaenda kwa mama, ambaye sasa macho yake hayaoni tundu la sindano, nikamtungia koja na kumwuliza kwa nini hakuvaa tena.

"Babako ndiye aliyekuwa akinifunga," akasema, kama mtu anayetaja bei ya unga.

Miaka yote hiyo nilidhani ile harufu ilikuwa ya mama. Ilikuwa ya wote wawili.