Siwema Aliyekana Mpaka

Watu waliosikia habari za Siwema kwenye vikao vya mtaa wanadhani alikuwa mwanamke mbaya tangu mwanzo. Hakuwa. Mimi ndiye niliyetolewa naye kwenye nyumba yangu, kwa hiyo nikisema hivyo naomba niaminiwe.

Alitoka Bukene akaolewa na Saidi, mbeba mizigo wa pale stesheni ya Tabora. Walipanga chumba mtaa wa Chemchem, chumba cha kuvuja, mtoto wao akawa anakohoa kila mvua zikianza. Mume wangu, marehemu Limbu, alikuwa na shamba la baba yake ng'ambo ya bonde. Wakati huo kule ni pori, fisi wanalia karibu na mlango. Limbu akamwambia Saidi, "Njoo nikukatie kipande. Mji uko mbali, lakini hewa ipo." Hakumuuzia. Tuliuzunguka mpaka wa kile kipande wote wanne, wanaume mbele, sisi wanawake nyuma tukichomeka vijiti vya minyaa viote kuwa ua. Jioni tukala ugali na kuku, mambo yakaisha. Mimi sikusoma, na Saidi hakusoma, lakini hatukuona upungufu. Kwetu ardhi ilijulikana kwa majirani wa mpaka, wa kulia, wa kushoto na wa nyuma. Ukiulizwa, unasimama kwenye kona unasema, "Hapa ni pa fulani," na neno lako linatosha.

Tukaishi. Siwema alikuwa anakata viazi vitamu na kuvianika kwenye mwamba, kisha anachemsha hiyo michembe pamoja na karanga, anaitia kwenye ndoo na kwenda kuuza stendi. Mteja akilalamika kwamba michembe ni migumu, anamwambia, "Migumu kama mahari ya kwenu. Tafuna!" Asubuhi ananisalimu juu ya minyaa, "Wangaluka, Mama Julieth! Umeamka na mume au amekukimbia?" Julieth alipougua degedege, ni Siwema aliyembeba mgongoni mpaka hospitali, mimi nikimkimbilia nyuma bila viatu. Limbu alipofariki, alilala na mimi kwenye mkeka mpaka matanga yalipoisha.

Kisha lami ikapita chini ya shamba letu.

Sijui kama wanaokaa mjini siku zote wanaelewa lami inavyofanya watu. Mahali palipokuwa hapatakiwi hata na mbuzi, ghafla magari yanasimama, watu wanashuka na miwani myeusi wanaonyesha kwa vidole. Mwenyekiti wa mtaa, Ngassa, ambaye zamani alikuwa anatuomba maji ya kunywa, alianza kunenepa. Kwake kila kitu kikawa na chai yake. Muhuri una chai, barua ya kumpeleka mtoto shule ina chai. Siku moja alikuja kwangu na habari ya tajiri anayetaka sehemu ya mbele ajenge sheli.

"Mama Julieth, mji unakua. Utaukatalia mji?"

"Ukue tu, mwenyekiti. Lakini usinilalie mimi."

Alicheka, akaenda zake. Haukupita muda nikasikia kwamba shamba letu ni eneo la wazi la mtaa, na kwamba Limbu aliachiwa kulima tu. Ukaitishwa mkutano pale ofisi ya mtaa. Nilikwenda bila wasiwasi. Jirani wa kulia alikuwa ameshafariki, na wa kushoto alikuwa amehamia Igunga, lakini wa nyuma alikuwapo. Wa nyuma ni Siwema.

Alikuja na kitenge kipya. Ngassa akamuuliza, "Eneo hili unalijua ni la nani?"

"La mtaa."

"Na marehemu Limbu?"

"Alikuwa analima tu, kama watu wengine."

Nikasema, "Siwema, nitazame." Alitazama kandambili zake.

Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba aliahidiwa fremu ya duka pale sheli, akae chini ya kivuli auze unga na sukari. Kiuno kilikuwa kimeanza kumsumbua kwa kubeba ile ndoo. Hilo nilikuwa nalijua kuliko yeyote, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimkanda.

Nyumba yangu ilivunjwa. Nikaenda Igalula kwa kaka yangu, na huko ndiko niliko. Sitesiki, ila ni jiko la wifi yangu. Mwanamke wa umri wangu naomba ruhusa ya kuchukua chumvi.

Sheli ilijengwa, taa zake zinaonekana toka mbali. Fremu walipewa watu ambao hatuwajui. Na mtaa wenyewe si ule. Julieth, aliyeolewa hukohuko mjini, ananiambia siku hizi jirani akiitwa kwenye mpaka anauliza kwanza atapata nini. Magreth wa mtaani kwetu na kaka yake wa tumbo moja hawasalimiani kwa ajili ya kona ya kiwanja. Msibani watu wanatoa rambirambi wanaondoka, hakuna wa kulala kwenye mkeka.

Juzijuzi nilikuwa napepeta karanga uani nikasikia hodi. Ni Siwema, kashuka kwenye treni, kakonda. Saidi alikuwa ameshafariki, nami sikwenda kumzika. Nilimpa kigoda, sikumpa mkono.

"Mwenye sheli anataka uwanja wa malori," alisema. "Wanataka kwangu. Wanasema sina ardhi pale. Wewe ndiye uliyechomeka minyaa na mimi, Mama Julieth. Wengine wote wamekufa."

"Si ulisema ni la mtaa?"

Akasema, "Nilisema la kwako. Sikusema la kwangu."

Kwa kweli alikuwa anaamini hivyo. Nilitaka kucheka, nikaona midomo yake imekauka, nikamletea maji.

Nilikwenda. Sikwenda kwa ajili yake. Nilikwenda kwa sababu Limbu alitoa kile kipande kwa mkono wake, na nisingependa aonekane mtu aliyegawa kisicho chake. Ofisi ilikuwa ileile, Ngassa kwenye kiti chake. Nikasema yote, jinsi tulivyotembea na pale tulipoanzia kuchomeka.

Ngassa akanisikiliza vizuri sana. "Mama, hicho kipande Limbu alikikata wapi?"

"Kwenye shamba lake."

"Shamba lipi? Kikao hiki kilishakubali kwamba Limbu hakuwa na shamba. Na aliyetuambia ni nani?"

"Siwema huyohuyo!" mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, watu wakacheka.

"Halafu wewe siku hizi unaishi wapi?"

"Igalula."

"Basi nenda kashuhudie mipaka ya Igalula."

Wakacheka tena, na waliocheka zaidi ni wale ambao viwanja vyao viko karibu na sheli.

Siku nyingi nikiwa kule jikoni kwa wifi nilikuwa nimemwomba Mungu anionyeshe Siwema akisimama mahali pale niliposimama mimi. Sasa nilikuwa nimeonyeshwa, na sikupata raha niliyoingojea. Niliona tu mwanamke amekaa kwenye ngazi ya ofisi, amevua kandambili, anasugua kiuno.

Nilikaa kando yake. Nilidhani ataniomba msamaha, na nilikuwa nimeshaanza kutafuta la kumjibu. Akanisogelea sikioni.

"Mama Julieth, kaka yako ana mbuzi?"

"Anao."

"Akikukopesha mmoja tu, tumwone mwenyekiti pembeni. Huyu analainika, namjua."

Nilifunga khanga yangu vizuri, nikashika njia ya stesheni. Nikiwa bado sijafika mbali nilimsikia akimwita mama mmoja aliyekuwa anapita, anamuuliza kama yeye ana hata kuku.