Goti la Aimée na Sauti ya Mukwe

Aimée na miye tulikaa benchi moja ya masomo ya msingi hapa Kasongo, yeye mutoto wa walimaji wa Lusangi, kijiji cha jirani, miye Hidaya mutoto wa mwenye duka. Tulimaliza mwaka wa sita pamoja, na cheti changu iko mpaka leo. Basi haya ninayoandika niliyaona, na yale nisiyoyaona niliyauliza.

Zamani, mutu akitaja jina la Aimée, wengine walisema: "Yule mwenye miguu?" Alikuwa anacheza ngoma mpaka wapigaji wanaomba maji. Hata mupunga aliutwanga kwa mwendo: muchi ukiwa juu anapiga makofi, ukishuka anaudaka. Pacifique, fundi wa mbao, alikuja Lusangi kutengeneza mulango wa kanisa, akamuona kwenye kinu. Ule mulango mumoja ulimuchukua mwezi muzima. Mwisho wake wakaoana, wakahamia Kasongo, wakazaa watoto sita. Leo wamebaki wawili: Christophe, mwenye kazi kule Kindu, na Rosine, aliyeolewa hapa hapa kwetu. Pacifique mwenyewe amezikwa nyuma ya nyumba aliyoijenga.

Mwaka jana, kiangazi kilipoanza, goti la kulia la Aimée likakaza. Siku moja akaanguka katika njia ya kisima. Hakuvunjika, lakini wanaume wawili walimubeba mpaka nyumbani, na habari ikafika Kindu mbele ya yeye kufika kitandani. Christophe akapiga telefone.

"Mama, mwezi wa tisa nakuja kukuchukua. Mutu asiyeweza kwenda kisimani na kurudi, hawezi kukaa peke yake."

Kukaa kwa Rosine haikuwezekana. Kwetu, mama halali nyumba moja na mukwe wake, muume wa binti yake. Kwa hiyo ilikuwa Kindu, ao goti lipone.

"Kindu nitafanya nini?" Aimée aliniuliza. "Watanikalisha kwenye kiti, wananipitishia sahani, miye natazama ukuta. Shamba langu iko hapa. Muume wangu iko hapa. Weye uko hapa na kelele zako."

Basi huyo muume wa Rosine, Serge, ni munganga wa kituo cha afya. Alikuwa ametoka Bukavu kwenye masomo ya wiki mbili, akarudi na jambo jipya: wazee kucheza kwa mistari. Hakuna kushikana, hakuna kuruka. Kila mutu anasimama pahali pake, wote wanatazama upande mumoja: hatua mbili kulia, mbili kushoto, tatu mbele, kisigino chini, halafu robo ya kugeuka, na kuanza tena kwa upande ule mupya. Alisema goti linapata joto, moyo unafanya kazi yake, na hakuna anayechoka vibaya. Kila siku ya pili na ya tano, ni kusema Jumanne na Ijumaa, asubuhi, katika kiwanja cha kituo.

Siku ya kwanza tulikuwa kumi na wawili. Muzee Bakari, mwenye tansiyo, damu yenye kupanda, alikuja na fimbo akisema anakuja kutazama tu. Wimbo wa pili ulipoanza, fimbo ilikuwa imeegemea ukuta. Kwanza tulibishana juu ya muziki. Wakristo walitaka ya kwaya, tukakataa. Sisi waislamu tukataja kaswida, wakakataa wao. Tukapatana rumba ya zamani, maana hiyo ndiyo tuliyotenda nayo dhambi pamoja.

Nikaenda mbio kwa Aimée. "Ndugu yangu, dawa ya goti lako iko kule kituoni, na iko na muziki!"

"Nani anafundisha?"

"Serge."

Akanitazama kama niliyemutukana. "Hidaya, unataka nimutikisie mukwe wangu matako?"

Kwetu, mukristo ao muislamu, mwanaume hatazami mwili wa mama wa bibi yake wa ndoa. Wakikutana njiani, mumoja anaingia majanini mwingine apite. Kwa miaka kumi na minane Serge na Aimée walisalimiana kila mutu akitazama pembeni, na hata vidonge vya goti Serge alikuwa anavipitisha kwa mikono ya Rosine. Muzee Bakari alisema Serge atoe mbuzi wa kuondoa mwiko, mambo yaishe, kwani kweli wako watu wanaofanya vile.

"Mbuzi nitamukula siku mbili," Aimée akasema. "Aibu nitakaa nayo mpaka kufa."

Nikafikiri sana, nikapata shauri. Serge anasimama mbele yetu akitupa mugongo. Aimée akisimama mustari wa nyuma kabisa, Serge hatamuona, na yeye ataona vichwa vya watu tu. Aimée alilipima shauri hilo siku mbili, akakubali. "Ni kwa sababu ya Kindu," akasema, kama mutu anayekwenda kunywa dawa chungu.

Akaja, kitenge kimefungwa vizuri, akasimama nyuma. Muziki ukaanza. Mbili kulia, mbili kushoto, tatu mbele, kisigino. Robo ya kwanza tukatazama barabara, mambo yakawa mazuri. Nikamuona kwa pembe ya jicho: goti lilikuwa gumu, lakini kiuno kilikuwa kimekumbuka. Robo ya pili tukageuka tena.

Hakuna aliyekuwa amefikiri hilo, hata miye mwenye cheti. Tulipogeuka mara mbili, mustari wa nyuma ulikuwa umekuwa wa mbele. Aimée alikuwa mbele ya watu wote, mikono juu, kiuno kinakwenda, na Serge alikuwa nyuma yetu, anatazama migongo yetu yote.

"Yoo! Mama yangu!" Aimée akajifunika kitenge kichwani, akakaa chini palepale.

Serge naye alifumba macho, akarudi kinyumenyume, mbio, mpaka akaingia katika kamba ya mashuka ya wagonjwa. Kamba ikakatika. Akaanguka na mashuka yote juu yake.

"Munganga ameanguka!" Muzee Bakari akalia. "Sasa nani atatuganga?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma, tuwe na haki tusiwe nayo. Lakini Aimée hakucheka. Alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, na kesho yake nilimukuta anapanga sufuria ndani ya katoni.

"Bora Kindu," akasema.

Miye niliona zile sufuria. Nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa Rosine, nikamwambia: "Mama yako anafunga mizigo kwa ajili ya macho ya muume wako. Fanyeni kitu."

Rosine si mutoto wa Aimée bure. Siku ya tano tulipofika, hatukumukuta Serge kiwanjani. Alikuwa ndani ya chumba cha dawa, nyuma ya ukuta wa matofali, dirisha limefungwa kwa pazia zito. Bafle tu, yenye kutoa muziki, ilikuwa nje. Sauti ikatoka: "Wamama na wababa, asubuhi njema! Miye siwaoni. Mumoja wenu asimame mbele, awaonyeshe wengine."

Rosine alikuwa amemushika mama yake mukono, wamesimama karibu na lango. Aimée alikuja kusikiliza tu, akasema. Sauti ikapaa: "Kulia! Kulia! Unganisha!" Nusu yetu tukaenda kushoto. Muzee Bakari akamukanyaga Mama Faida, jirani ya Aimée. Mama Faida akamusukuma, akanigonga miye.

Aimée alivumilia mpaka robo ya kugeuka. "Mungu wangu! Munacheza kama mbuzi wanaovushwa mutoni!" Akamuachilia Rosine mukono, akapita katikati yetu, akasimama mbele. "Nitazameni miguu. Muguu, Bakari, si uso wangu!"

Tangu siku ile alikuwa yeye wa mbele, na Serge sauti nyuma ya ukuta. Na kwa kuwa tunageuka pande nne, kila tukigeuka Aimée alipaswa kuzunguka haraka afike mbele tena. Ni kusema, tulipokwenda hatua kumi, yeye alikwenda ishirini. Wiki ya tatu, goti likaanza kulegea. Mwezi wa saba alishuka kisimani mikono mitupu, miye nyuma yake nikimuomba Mungu. Mwezi wa nane alipanda na bido ndogo ya maji. Zile sufuria zikatoka katonini moja moja, kila alipotaka kupika.

Mwezi wa tisa Christophe akaja, na pikipiki yenye muto umefungwa nyuma kwa ajili ya mama yake. Ilikuwa siku ya tano asubuhi, siku yetu ya kucheza. Akakuta mulango umefungwa. Mutoto wa Mama Faida akamwambia: "Mama yako? Iko kituo cha afya." Christophe akakimbia, moyo mukononi.

Serge mwenyewe alinisimulia yaliyofuata. Alikuwa peke yake katika chumba cha dawa, anapiga kelele mbele ya makopo ya vidonge: "Tatu mbele! Kisigino! Geuka!" Mara mulango ukafunguka.

"Shemeji, umeshikwa na wazimu? Mama iko wapi?"

Serge akaonyesha dirisha kwa kidole gumba, bila kugeuka. "Chungulia weye. Miye siruhusiwi."

Pale nje tukaona pazia linasogea, na uso wa Christophe umejaa vumbi, kinywa wazi. Aimée alimuona. Hakusimama.

"Christophe, ngoja! Wimbo haujaisha."

Wimbo ulipoisha alimukumbatia, akalia kidogo, akacheka. Halafu walikwenda nyumbani, akachukua bido ya lita kumi, akashika njia ya kisima, na mutoto wake nyuma. Tulifuata sisi wote, nani angebaki? Kwenye kupanda, katikati ya kilima, Christophe alisimama, mikono kiunoni.

"Mama, tupumzike kidogo."

"Pumzika weye. Miye naenda kupika."

Christophe alimukuta mulangoni, maji tayari iko motoni. Akakaa kwenye ngazi akijipepea.

"Sasa nitamwambia nini bibi yangu? Amekwisha kukutayarishia chumba kizuri."

"Umwambie asante sana. Na aanike mupunga humo."

Christophe alifikiri, akaanza kucheka peke yake, na kucheka huko ndiko kulikuwa jibu lake. Alikaa siku tano. Siku ya pili ya juma, Jumanne, alicheza nasi mustari wa nyuma, mwanaume wa miaka arobaini na sita, akaenda kushoto kila mara tulipokwenda kulia, na mama yake hakumuhurumia.

Alipoondoka, Aimée alimusindikiza kwa miguu mpaka mwisho wa muji, Christophe akisukuma pikipiki pembeni yake. Nilikuwa mbele ya nyumba yangu alipokuwa anarudi peke yake, polepole, jua limepanda. Nikamuuliza kama amechoka.

"Nina njaa," akasema. "Umepika nini?"